Karata Zilizovaa Koti

Mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nyie vijana mnadhani mtu akistaafu Ijumaa, Jumatatu ameshaanza kuuliza jina lake. Haya, naandika. Ila habari za vyeo msizitafute humu, maana mtunza bwalo hana ngazi ya kupanda zaidi ya ile ya kubadilishia balbu, na yenyewe ilikuwa imevunjika kipago.

Nilianza kazi kwenye bwalo la mji hapa Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa na kila karatasi ilibidi isafiri hadi Sumbawanga kutiwa sahihi. Nilikuwa msichana kutoka Mpimbwe, wazazi wangu wakulima wa mpunga, na kwa akili yangu nilikuwa nimeajiriwa kufagia. Kwa hiyo siku ya kwanza nilikuja na ufagio wangu. Mzee Rashidi, mtunza bwalo niliyeletwa kumsaidia, Mnyamwezi mrefu mwembamba aliyewahi kufanya kazi ya treni, aliupokea ule ufagio kwa heshima zote, akauegemeza nyuma ya mlango, akanipa mkebe wa maziwa ya unga.

"Fagio zipo, mwanangu," akasema. "Hebu nitafutie saba ya uru humo ndani."

Mkebe ulijaa karata. Hazikuwa seti moja, ni mabaki ya seti nyingi zilizokufa: moja ililiwa na panya, nyingine iliangukia kwenye supu, nyingine ilinyeshewa kwenye baiskeli ikitoka Kakese. Zile zilizonusurika Mzee Rashidi aliziita yatima, na hakutupa hata moja. Enzi zile seti mpya ya karata haikuwa kitu cha kuingia dukani ukachukua. Ilikuja na treni kutoka Tabora, kama mtu uliyemtuma amekumbuka, na mara nyingi alikumbuka akiwa ameshafika Kaliua kwenye njia ya kurudi.

Kila Jumamosi mchana bwalo lilikuwa na mashindano ya arubastini. Kwa wale mliozaliwa na simu mkononi: mnacheza wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mkabala nawe. Nane, tisa na kumi zinawekwa pembeni. Ree ndiyo kubwa, inafuata saba, halafu ndiyo wanakuja wazungu, yaani zile karata za picha. Mtu akianza na kopa, nawe unayo kopa, unatoa kopa. Ukiwa nayo ukaibana, hiyo tunaita kuficha, na nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana hadi mavuno kwa sababu ya kuficha. Zawadi ilikuwa mche wa sabuni. Nimewaona wenye maduka, wanaouza sabuni hiyo hiyo, wakitokwa jasho kwa ajili ya mche ule.

Mgeni alitakiwa kuja na karata zake, nasi tulizikagua: ziwe kamili, migongo ifanane, zisiwe na alama. Nawaambia, karata nyingi za wageni hazikufaa. Wa Kakese walikuja na bibi wa shupaza aliyechorwa kwa kalamu kwenye pakiti ya sigara, tena ana masharubu. Wa makazi ya wakimbizi kule Katumba walikuja na karata za kwao Burundi zenye herufi za Kifaransa, na meza nzima ikawa inabishana nani ni mfalme na nani ni kijana wake. Kuna bwana mmoja wa Kawajense alikuja na seti yenye ree tano. Tulipomwonyesha alisema alizikuta hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Mzee Rashidi hakumwambia mgeni hata siku moja mbele ya watu kwamba karata zake ni mbovu. Alizipokea kwa mikono miwili, akazipima kidogo kiganjani, akasema, "Zimechoka na safari hizi. Zipumzike, leo utachezea za nyumba." Akaenda nazo stoo, akarudi na seti ya bwalo iliyopakwa poda ya watoto ili iteleze. Raundi ya kwanza mmoja wetu alikaa na mgeni kama mwenzake, asije akawa peke yake katikati ya watu wasiomjua. Jioni akiondoka alirudishiwa seti yake ikiwa kamili: bibi mwenye masharubu ametolewa, yatima wa kwenye mkebe ameingia mahali pake. Mgeni haelezwi kitu. Anafika kwake, anazikagua, anashangaa mwenyewe.

Nilimuuliza Mzee kwa nini anajisumbua hivyo. Akasema, "Mtu aliyetoka kwao mpaka hapa na karata mfukoni anataka kucheza. Karata tunazo, Skola. Watu ndio wanaotupungukia."

Basi nikaifuata desturi hiyo kama ninavyofuata misa, na ilinifaa kwa kila mgeni, mpaka Jumamosi aliyokuja Fundi Barnaba.

Fundi Barnaba alikuwa fundi cherehani, Mrundi wa Katumba, mwenye kibali cha kufanya kazi mjini. Alishonea kwenye kibaraza cha duka karibu na soko, yeye na mkewe Mama Feza, na sare nyingi za shule hapa mjini zilipita mikononi mwao. Wenzake wengi wa makazini walikuwa walokole, na kwao karata ni kazi ya shetani. Yeye alikuwa Mkatoliki kama mimi, na alisema shetani ana shughuli nyingi, hana muda wa arubastini. Siku hiyo alikuja ameshikana mkono na mkewe hadi kwenye kiti, ndipo akamwachia. Mimi nikadhani ni mapenzi. Kusema kweli niliona wivu kidogo.

Alinipa karata zake, na nilipozipokea tu vidole vikaniambia kuna jambo. Nikaenda nazo stoo, nikazisogeza dirishani kwenye mwanga. Kila karata ilikuwa na vitundu vya sindano kwenye pembe, vimepangwa sawasawa kama mshono. Ree walikuwa na mpango wao, saba wao, wazungu wao. Tundu la sindano linaonekana mbele na nyuma, kwa hiyo anayejua mpango anasoma karata zako zote kwa kutazama migongo tu. Nikasema moyoni, loo, na upole wote ule kumbe ni mwizi. Lakini nilishafundishwa. Nikaziacha stoo, nikatoka na za nyumba.

"Fundi, karata zako zimechoka na safari. Zipumzike."

Akauliza, "Haziwezi kutumika hata leo tu?"

"Leo tumia zetu. Mimi ndiye mwenzako."

"Haya, dada," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa treni imeshaondoka.

Tuliocheza nao walikuwa Deus na utingo wake. Deus alikuwa dereva wa lori la tumbaku na bingwa wa bwalo, mwenye sauti aliyoizoesha kushindana na injini, na hata ndani ya nyumba aliitumia hiyo hiyo. Akaanza na kopa. Fundi Barnaba alikuwa ameshika karata zake karibu na uso, kidole gumba kikipanda kwenye pembe, kikitafuta, kikishuka, kikipanda tena. Akatoa uru. Nikajua basi hana kopa. Mkono uliofuata akatoa kopa.

"Umeficha," Deus akasema.

"Samahani. Nimekosea."

Ikaja shupaza, Fundi akatoa maua, na baadaye shupaza ile ikatokea mkononi mwake. Nilikasirika, maana mwenzako akificha na wewe unaonekana umeficha. Deus akasukuma kiti nyuma. Bingwa alikuwa na haki ya kuomba kuiona seti ya mgeni, na akaiomba kwa sauti ya kusikika hadi stendi. Mzee Rashidi alijaribu kumtuliza, ikashindikana. Karata zikaletwa. Deus akapitisha kidole kwenye pembe, akaziinua juu kwenye mwanga wa mlango ili wote waone.

"Zimetobolewa," akasema. "Huyu bwana ni mwizi."

Bwalo lote likamgeukia Fundi Barnaba. Nilimsubiri akane, maana kila mtu hukana. Yeye akaweka karata zake mezani taratibu.

"Ndiyo," akasema. "Nimezitoboa mimi."

Akasimama. Mama Feza akaja haraka akamshika mkono, wakatoka. Nyuma yao watu walikuwa wakisema mambo ya wakimbizi ambayo siyaandiki.

Jioni ile tulifunga madirisha, mimi na Mzee Rashidi. Kwenye la mwisho Mzee akasema, "Mwizi wa karata huwa anakana kwanza. Na huyu alikuja kuiba nini? Tangu ashike karata alikuwa anapoteza tu." Nikaona kweli. Halafu vile vitundu, kuvipanga sawasawa namna ile kwa mkono haiwezekani. Ni sindano ya cherehani ile. Mtu anayetaka kuiba hafanyi alama nzuri kiasi hicho.

Jumatatu nikachukua kitenge changu kilichochanika, nikaenda kwenye kile kibaraza. Jua lilikuwa nyuma yangu. Nikasimama mbele ya cherehani bila kusema neno.

"Karibu, baba," Fundi Barnaba akasema.

Mimi huyo, na kilemba changu. Mama Feza akamtazama mumewe, akanitazama mimi, halafu akainama. Ndipo nikaona mambo niliyotakiwa kuyaona zamani. Kwenye mto mdogo kando ya cherehani kulikuwa na sindano zimechomekwa mstari mzima, kila moja imeshatungwa uzi wa rangi yake, na mkewe ndiye aliyekuwa akimpa. Mkasi ulikuwa upande wa mkewe. Yeye Fundi alikuwa anasoma kitambaa kwa kidole gumba.

"Ni mimi, Skola wa bwaloni," nikasema. "Fundi, huoni."

Hakukana hilo pia. Alisema yalianza kama moshi wa jikoni usiotoka. Sasa anaona mwanga na vivuli, na nyekundu na nyeusi akizileta puani. Kukata anakata mama, kushona anashona yeye, vidole vinajua. Lakini kuna shati lilikwenda na kifungo cha rangi nyingine, na maneno yakaanza sokoni.

"Nikasema, nikienda bwaloni nikacheza karata mbele ya watu wote, nani tena atasema sioni? Nyumbani tunacheza na zile nilizotoboa, kila mtu anataja anachotoa, nami nawafunga. Sikujua mtanipa nyingine."

"Sasa kwa nini hukueleza? Umeitwa mwizi hadharani."

"Dada Skola, fundi mwizi wa karata bado ataletewa kitambaa. Watasema nguo haichezi karata. Fundi asiyeona ataletewa na nani? Nikiifunga hii cherehani narudi makazini kulima, na jembe nalo linataka macho. Niache niwe mwizi."

Nilikuwa nimempokea kwa mikono miwili, nimemletea karata za nyumba zenye poda, nimekaa mkabala naye, na ukarimu wangu wote ule ndio uliomvua nguo mbele za watu. Nilimwachia kitenge nikarudi bwaloni nalia, na sikujali nani ananiona.

Mzee Rashidi alinisikiliza hadi mwisho. Akavua kofia, akajikuna, akaivaa. "Karata zake hazifai," akasema. "Hilo halibadiliki, migongo inasomeka. Basi tubadilishe zetu."

Kazi tuliyoifanya wiki ile sijaifanya tena maishani. Nilizibeba seti zote za bwalo kwenye kikapu, juu nimeweka mchicha, nikampelekea Fundi. Alitoa uzi kwenye cherehani akazitoboa kwa sindano tupu, kutokea mgongoni kuelekea usoni, ili kile kivimbe kidogo kibaki mbele ambapo mchezaji anaweka kidole gumba chake. Mama Feza alikuwa akimtajia, "Bibi wa uru. Saba ya maua," na cherehani inajibu. Waliopita walisikia wakaenda zao, wakidhani ni mambo ya Kirundi. Kisha mimi na Mzee tukazivika koti. Tulichukua karatasi ya kaki ya ndani ya mifuko ya saruji, tukakata saizi moja, tukabandika kwenye kila mgongo kwa uji mzito wa muhogo, tukapiga pasi ya mkaa kwa juu. Mgongoni ukawa huoni tundu wala husikii kitu. Mbele, ukijua pa kugusa, unasoma. Kuzichanganya ilikuwa kama kuchanganya chapati, na mende wa stoo walituona watu wema sana. Lakini zilikuwa halali, na seti zote zilifanana, kwa hiyo hakuna ambaye angenyooshewa kidole kwa kushika yoyote.

"Na wakiuliza vivimbe?" nikamuuliza Mzee.

"Gundi ina mabonge. Wewe ndiye uliyeipika."

Jumamosi Mzee akatangaza mambo mawili. Karata za nyumba zimechakaa migongo, zimevalishwa koti, na wote wageni kwa wenyeji watachezea hizo. Tena kila mtu ataitaja kwa sauti karata anayoitoa, kwa kuwa wageni wa vijijini wanachanganya majina. Watu wakanung'unika kidogo kama kawaida yao, wakakaa. Ndipo Fundi Barnaba akaingia na mkewe. Ilibidi nimfuate sokoni mara mbili kumshawishi.

"Mwizi amerudi," Deus akasema.

"Karata ni za kwangu, Deus," Mzee Rashidi akamjibu. "Kama kuna mwizi, ni mimi. Kaa chini."

Tukakaa watu wale wale wanne. Fundi alipopewa karata zake, kidole gumba kikapanda kwenye pembe, na safari hii hakikushuka kutafuta. Kikatulia. Akacheza, nyie. Akaita ree ya maua akala mkono, akashikilia turufu yake hadi dakika niliyoitaka mimi, utafikiri tumecheza pamoja tangu utotoni. Sura yake ilibadilika. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kumtazama Deus.

Nilipomtazama, kidole gumba cha Deus kilikuwa kimesimama kwenye pembe ya karata. Akakipitisha kwenye moja, akaenda kwenye nyingine, akarudi. Akaitazama karata. Halafu akainua uso akamtazama Fundi Barnaba, ambaye macho yake yalikuwa yameelekea juu ya kichwa cha Deus, kwenye mwanga wa dirisha, kama yalivyokuwa tangu tulipokaa. Deus akapunga mkono wake mbele ya uso wa Fundi, taratibu, kama mtu anayefukuza inzi. Fundi hakupepesa.

Zamu ilikuwa ya Deus, na bwalo zima lilikuwa linamsubiri. Kwa sauti ile, neno moja tu lingetosha, na kabla ya giza kuingia soko lote lingejua. Mama Feza alikuwa amesimama ukutani ameshika kanga yake mdomoni. Mzee Rashidi alikuwa anaangalia sakafu.

"Saba ya kopa," Deus akasema. Akaisema akimwelekea Fundi, pole pole, kila neno peke yake. Tangu pale hadi mwisho akaitaja kila karata hivyo hivyo, na utingo wake alipoitaja moja kwa kumumunya, akampiga kiwiko.

Tulifungwa. Deus hakuwa mtu wa kumwachia mtu mchezo, hata siku hiyo. Alipochukua mche wake wa sabuni alisimama, na kama kawaida hakuhitaji kipaza sauti.

"Juzi nimemwita huyu fundi mwizi," akasema. "Nilikosea. Nimekaa naye leo, macho yake makali kuliko yangu. Fundi, Jumatatu naleta kitambaa cha suruali."

Fundi Barnaba akajibu, "Karibu, kaka." Bwalo likaendelea na kelele zake, na raundi iliyofuata watu wa Kakese wakagombana kuhusu kuficha.

Deus alipeleka kitambaa kweli, kaki nzito, na akataka Fundi akate mwenyewe, tena akasema hivyo mbele ya wateja. Sijui kwa nini, labda alitaka kuona, labda ilikuwa heshima. Suruali ikatoka imeshonwa vizuri, mshono umenyooka, ila mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Aliivaa. Alikwenda nayo Tabora, alikwenda nayo Sumbawanga kwenye ofisi za watu, na aliyecheka aliambiwa kwamba huko Dar siku hizi ndivyo wanavyovaa. Vijana wawili watatu waliamini wakaenda kushonesha. Fundi alishona kwenye kibaraza kile hadi binti yake Feza alipokuwa mkubwa akaikalia cherehani yeye, na baba akawa anakuja bwaloni kila Jumamosi kutufunga.

Kwa hiyo nyie mnaobaki na funguo: mkebe wa yatima uko rafu ya juu stoo, na karata za koti ziko kwenye boksi la viatu, msizitupe kwa sababu zinanuka muhogo. Mgeni akija na karata zisizofaa, mpokeeni kwa mikono miwili kama alivyofundisha Mzee Rashidi, Mungu amlaze pema. Ila kabla hamjakimbilia kumletea za nyumba, tazameni kwanza kidole gumba chake kinafanya nini.

Siku mliyoniaga, mliona mzee mmoja ameingia kwa fimbo akakaa kiti cha nyuma, na nyie mkanong'ona mkicheka. Nilisikia. Alikuwa Deus. Suruali ilikuwa haifungi tena kiunoni, ameikaza kwa mkanda na kipande cha kamba, imepauka magotini, na mguu mmoja unaonyesha soksi yote. Nilimwendea nikamsalimia, nikashindwa kuyatoa macho yangu pale chini.

"Fundi hayupo tena, ningekuja naye," akaniambia, safari hii kwa sauti ndogo. "Nikaona nije na kazi yake."